Maulidi nasoma bila ya khofu, darasani ulimi unaganda

BARUA

Assalamu alaykum shangazi,

Mimi ni msichana kutoka Kaskazini Pemba. Niko Unguja, mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili. Nakuandikia usiku, wenzangu hapa dahalia wameshalala.

Shangazi, siwezi kusimama mbele ya watu nikasema. Nikiitwa mbele ya darasa moyo unanienda mbio mpaka nausikia masikioni, mate yananikauka, mikono inakuwa baridi na yote niliyoyahifadhi yanafutika. Muhula uliopita kundi letu lilipewa mada ya maji ya chumvi kuingia kwenye mabonde ya mpunga. Sehemu yangu niliiandika kwa Kiingereza, nikakesha naihifadhi neno kwa neno. Siku ilipofika nikasema sentensi za mwanzo, kisha iliyofuata sikuiona tena. Nikabaki kimya nautazama ukuta. Akatokea mmoja huko nyuma akaniigiza ninavyosema Kipemba, darasa zima likacheka. Mwalimu akaniambia nikae.

Tokea siku hiyo, kazi zote za kundi mie ndiye mwandishi. Natafuta maelezo, natengeneza slaidi, halafu wanasimama wenzangu. Nilipopangiwa tena kusema nilijifanya naumwa tumbo, sikwenda.

Kinachonitatiza ni kwamba mie si mwoga wa watu. Nimesoma chuo cha Qur'ani tangu mdogo, msahafu nimehitimu, na kwetu kukiwa na Maulidi ya wanawake huitwa nisome mlango, yaani sehemu moja ya kisomo, uwanja umejaa, na sitetemeki. Sasa vipi mtu asome mbele ya kina mama wote wale, halafu ashindwe na darasa la wanafunzi wenzake?

Mama nimemwambia juu juu. Anasema ni husda, nirudi nyumbani nikasomewe. Bibi anasema mtoto wa kike ndivyo atakiwavyo, asipaze sauti mbele ya wanaume. Mwenzangu wa chumbani amenipa vidonge vya presha vya baba yake, eti kaka yake humeza kimoja akiwa na mtihani wa mdomo na moyo hautikisiki. Sijavimeza, nimeviweka.

Baada ya mwezi hivi tunapelekwa maskulini kwa mazoezi ya kufundisha. Nitasimama mbele ya watoto, na msimamizi kakaa nyuma na karatasi zake. Nafikiria niombe kubadilisha kozi nikasomee mambo ya ofisini. Nishauri, shangazi yangu.

Mwanao,
Niliyefungwa ulimi, Unguja

JAWABU

Waalaykumu salaam mwanangu,

Katikati ya barua yako umeuliza swali moja, kisha ukaliacha ukaendelea na mengine. Umeuliza vipi unasoma mlango wa Maulidi mbele ya uwanja mzima na usitetemeke. Mimi nataka tukae hapo hapo, kwa sababu jawabu ya tatizo lako imo humo, na unayo wewe mwenyewe tokea utotoni.

Kumbuka ulivyosoma chuo cha Qur'ani. Hukuanza kwa kuhifadhi kimya kitandani. Ulikaa mkekani na wenzako, ukasoma kwa sauti, na ulipokosea mwalimu alikurudisha pale pale, wote wanasikia. Ukarudia. Wa pembeni yako naye akarudishwa, akarudia. Hakuna aliyeona ajabu, maana kukosea mbele ya watu ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Kabla hujapewa mlango wa Maulidi, milango hiyo uliisikia kwa wakubwa zako mara zisizohesabika, ukaitikia kasida, ukajua wapi pa kuvuta na wapi pa kushusha. Na siku uliyosoma wewe, waliokaa mbele yako walikuwa wakimsalia Mtume pamoja nawe. Ungelisita, angalitokea mama mmoja akakupa neno.

Sasa angalia ulivyojitayarisha kwa ajili ya darasa. Usiku mmoja, peke yako, kimya, kwa Kiingereza. Mara ya kwanza sauti yako kuyatamka maneno yale mbele ya mtu, mtu huyo alikuwa mwalimu mwenye kalamu ya maksi. Mwanangu, hapo nani asingeganda? Mimi sioni ulimi uliofungwa. Naona msomaji mzuri aliyetupwa kwenye kazi asiyofundishwa namna ya kuifanya.

Na hili walimu wa vyuo wanisikie: kumpa kijana maksi kwa kusema mbele ya watu, na hajapewa hata saa moja ya kufundishwa jinsi ya kusema, si haki. Watoto wetu wengi wanatoka skuli ambazo kazi ya mwanafunzi ilikuwa kunakili ubaoni na kuitikia kwa pamoja. Wakifika chuo kikuu wanaambiwa simama ujieleze, tena kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi.

Kwa hiyo chukua kimoja cha chuo cha Qur'ani na uache kimoja. Chukua kusoma kwa sauti mbele ya watu tangu siku ya kwanza. Uache kuhifadhi neno kwa neno. Qur'ani huhifadhiwa hivyo kwa kuwa haibadilishwi hata herufi. Mada ya mabonde ya mpunga haina amri hiyo. Maneno yaliyohifadhiwa kwa mfuatano ni kama tasbihi, uzi ukikatika pahala pamoja punje zote zimetawanyika. Ndicho kilichokukuta. Hukusahau mada, ulisahau sentensi moja, na kwa kuwa kila sentensi ulikuwa umeifunga kwa iliyoitangulia, zote zikaenda nayo.

Na mada yenyewe! Nilipoisoma hapo nilisikitika kweli. Wewe ni mtoto wa Kaskazini Pemba. Darasani mwenu nani aliyajua hayo kukushinda wewe? Umeyaona mabonde yaliyokuwa yakilimwa mpunga, leo bahari ikijaa maji yanapanda mpaka humo, yakirudi yanaacha chumvi na mpunga hautoki tena. Unajua mikoko ikikatwa ufukwe unabaki wazi. Umewasikia wazee wakizungumzia matuta ya kuzuia maji. Badala ya kuyasema hayo ukaenda kubeba kurasa za watu wengine, kwa Kiingereza cha watu wengine, ukajaribu kuzimeza.

Nataka uifanye upya mada ile ile, hata kama maksi zake zimeshapita. Chukua kikaratasi kidogo uandike mambo manne tu, kila moja kwa maneno mawili matatu: bonde lilivyokuwa, maji yalivyoingia, chumvi inavyoua mpunga, watu walivyojaribu kujikinga. Kisha mpigie mama simu umwelezee, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, huku umesimama. Usimsomee, mwelezee. Pale pa chumvi umwambie kwamba udongo ukijaa chumvi mizizi hushindwa kuvuta maji, mmea unakauka na huku umesimama majini. Atakukatiza, atakuuliza, atakusahihisha, maana bonde analijua kuliko wewe. Kila akikukatiza utajikuta unarudi kwenye mada bila ya kutafuta sentensi iliyopotea, kwa kuwa sentensi ya kupotea haipo. Ukimaliza na mama, umwelezee mwenzako wa chumbani mambo yale yale manne kwa Kiingereza. Sentensi fupi fupi. Istilahi zile ngumu ziandike pembeni, uzitamke kwa sauti mpaka mdomo uzizoee. Kila ukirudia maneno yatabadilika kidogo, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Vitu viwili tu uvihifadhi barabara: sentensi zako mbili za kufungulia na moja ya kufungia. Khofu ya msemaji huwa kali zaidi pale anapoanza, kisha hushuka kadiri anavyoendelea. Sentensi za kufungulia ukiwa nazo ulimini, zitakuvusha mahali penye kishindo, na ukishapita hapo mada itakubeba yenyewe.

Nije kwenye moyo kwenda mbio. Juu ya figo zako kuna tezi mbili, na mwili ukihisi kuna jambo zito tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza mapigo, damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa na vidole vinapoa, mate yanakauka. Ni mwili wako unajiweka tayari. Nina hakika na kabla ya kusoma Maulidi moyo wako huenda mbio, ila pale unasema nimejawa na furaha, na darasani unasema nimekwisha. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti wa jambo hili mwaka 2014. Watu waliokuwa wakijitayarisha kutoa hotuba aliwagawa, wengine wajiambie wametulia, wengine wajiambie wana hamu. Waliojiambia wana hamu walionekana na wasikilizaji kuwa na ushawishi zaidi na kujiamini zaidi. Kwa hiyo usihangaike kuuzima moyo. Ukiusikia unagonga, jiambie, hata kwa kunong'ona, "Nina hamu ya kulisema hili." Kisha vuta pumzi kwa hesabu ya nne, iteremshe taratibu kwa hesabu ya sita, ukae hivyo dakika mbili. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo. Na asubuhi hiyo kahawa uiache.

Lingine ambalo hukulijua siku ile ni kwamba walio mbele yako hawaioni khofu kama unavyoihisi wewe. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, mwaka 2003 waliwaeleza baadhi ya wanafunzi kabla ya kutoa hotuba kwamba wasiwasi wao hauonekani sana kama wanavyodhania. Kujua hilo tu kuliwafanya waseme vizuri zaidi kuliko ambao hawakuambiwa. Wewe unausikia moyo masikioni, aliyeko safu ya tatu anamwona msichana amevaa buibui anazungumza. Ukikwama, nyamaza, angalia kikaratasi chako, endelea. Kimya unachokihisi ni cha mwaka mzima, kwao ni cha kuvuta pumzi moja.

Sasa hayo ya kujifanya naumwa tumbo, na kuwa mwandishi wa kundi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mwanangu, kwa kuwa nakupenda. Kila unapomwachia mwenzako kusema, unapata raha siku hiyo, na khofu inapata nguvu ya siku nyingine. Inajifunza kwamba ukikimbia unasalimika. Basi isije ikapata mafunzo hayo tena. Sikwambii urukie kubwa. Wiki hii, umeshazungumza na mama na mwenzako wa chumbani, jirekodi kwenye simu usikilize sauti yako hata kama hutaipenda. Kisha nenda na wenzako wawili kwenye darasa tupu jioni, usimame pale pale mbele, ushike ubao, mmoja akae mwisho kabisa na akwambie kama anakusikia. Wiki inayofuata uliza swali moja darasani, swali uliloliandika kabla, likishatoka mdomoni basi umemaliza. Katika kazi ya kundi itakayokuja uombe sehemu ya utangulizi, dakika mbili, na slaidi atengeneze mwingine. Bandu bandu huisha gogo, na wewe mwezi mzima unao.

Aliyekuigiza Kipemba amekosa adabu, na mwalimu aliyekaa kimya kukiwa na kicheko kile naye hakufanya la haki. Lakini usijirekebishe ili ufanane nao. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ni watu walikaa kikao wakachagua, hapakuwa na lahaja iliyohukumiwa kuwa ya kuchekwa. Darasani unatakiwa usikike na ueleweke, basi. Sema taratibu, malizia sentensi zako usizimeze, na lafudhi ya mama yako ibakie ilivyo. Siku ukichekwa tena, nyamaza mpaka wamalize, urudie sentensi yako kwa sauti ile ile. Hiyo ifanyie mazoezi na wenzako wawili pia, wacheke kusudi.

Mama yako usimpinge. Kama anataka usomewe, usomewe, dua ya mzazi ni kheri tupu. Ila mkumbushe kwa upole kwamba Nabii Musa, aliyeomba afunguliwe fundo la ulimi, hakuishia kwenye dua. Aliomba na ndugu yake Harun awe pamoja naye, kisha akaenda kusema mbele ya Firauni. Nawe umwombe Mola, utafute Harun wako hapo dahalia, halafu usimame useme.

Bibi naye ana nia njema, lakini haya si kunyamaza. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alifundisha dini, na masahaba wanaume walikwenda kumuuliza. Unaweza kuvaa stara yako, ukatazama kwa heshima, na somo likasikika mpaka mlangoni. Wala huhitaji kunguruma. Sauti ya chini iliyotua, inayomaliza maneno yake, watu huisikiliza. Mwambie bibi kwamba unajifunza ili wajukuu wake wafundishwe na mwanamke wa kwao. Nadhani atakuelewa kuliko unavyotarajia.

Vidonge mrudishie mwenyewe kesho asubuhi. Vidonge vya presha ni vya aina nyingi: vingine hupunguza mapigo ya moyo, vingine hutoa maji mwilini, na wewe hujui ulivyopewa ni vya aina gani. Ni kweli ipo dawa, propranolol, ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya watu kwa khofu ya namna hii. Lakini mwenye pumu inaweza kumbana pumzi vibaya sana, na mwenye presha ya chini inaweza kumwangusha. Dawa hiyo huandikwa na daktari aliyekupima, haitoki mfukoni mwa baba wa mtu. Na mzee wa watu naye anavihitaji vidonge vyake.

Kuhusu mazoezi ya kufundisha, kuna jambo litakusaidia na liko mikononi mwako. Unasomea masomo mawili. Jiografia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Ukifika skuli, mwombe mwalimu mwenyeji akuanzishe na vipindi vya Kiswahili, Jiografia ifuate ukishazoea sura za watoto. Andalio la somo liwe na kazi nyingi za wanafunzi: swali la kufungulia, kazi ya wawili wawili, mmoja aje ubaoni. Mwalimu mzuri hasemi dakika zote arubaini, na msimamizi anayejua kazi yake hilo ndilo analotaka kuliona. Fika kabla ya kengele, watoto wakiwa wanaingia uwasalimie mmoja mmoja mlangoni, uwaulize majina. Ukija kusimama mbele utakuwa tayari umeshasema nao. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie swali zuri, nitalitafuta nikuletee kesho, na kesho umletee kweli. Msimamizi akiingia, msalimie, kisha macho yako yarudi kwa watoto. Somo ni lao.

Kozi usibadilishe sasa. Uamuzi kama huo hauchukuliwi na mtu aliyechekwa. Maliza kwanza mazoezi ya kufundisha, kisha uone. Lakini kama khofu hii haiko darasani tu, kama unashindwa kula mbele ya watu, kumwambia utingo wa daladala akushushe, kupokea simu ya usiyemjua, usingizi unakupotea siku kadhaa kabla ya jambo dogo, na hali imekaa hivyo miezi sita au zaidi, basi usingoje. Huo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mtaalamu, hatua kwa hatua, bila ya kidonge chochote. Anza kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni kwenu. Akiona inafaa atakuelekeza hospitali, na wakikutajia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Unguja, usishtuke kwa jina. Watu wengi huenda pale asubuhi, wakazungumza na mtaalamu, na mchana wako kazini kwao.

Nikupe la kufanya kesho: ukishavirudisha vile vidonge, mpigie mama simu umwelezee habari za bonde. Na msimamizi akishapita, niandikie tena unambie ulianza na kipindi gani na watoto walikuuliza nini.

Shangazi yako